Aliyeng'arisha Sakafu ya Mvule

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa miezi minane, na haikuwa na vumbi.

Mtu mwoga angegeuka palepale mlangoni na mtoto wake mgongoni akarudi Bungoma. Nakhungu hakugeuka, kwa sababu hakuona vumbi lililokosekana, aliona sakafu. Wanawake wengine hupenda vitenge, wengine hupenda seti za sahani. Huyu alipenda bawaba. Alikuwa mchoraji ramani katika ofisi moja ya ujenzi mjini Bungoma, na siku za Jumamosi alizunguka zile nyumba kuukuu karibu na reli akichungulia madirisha ya watu, mpaka siku moja mama mmoja akatoka na mwiko mkononi akamwuliza ametumwa na wezi gani.

Sasa alikuwa amepewa nyumba nzima. Ilijengwa mwaka 1952 na mzungu mkulima wa mahindi, nje kidogo ya Kitale kwenye barabara ya kwenda Endebess. Mzungu alipoondoka baada ya Uhuru, ikanunuliwa na Mzee Gicheru, baba mkwe wa Nakhungu, ambaye hakubadilisha hata msumari mmoja. Mzee alipofariki, mjane wake akahamia kwa binti yake, na katika mwaka huo wa 2004 akampa funguo mwanawe Gathii, mume wa Nakhungu. Gathii alikuwa mekanika wa matrekta, kazi ilikuwa Kitale, na mtoto wao wa kiume alikuwa na wiki sita. Mtoto aliitwa Gicheru, kwa babu yake wa upande wa baba. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa hivyo, wala hakuna anayeitisha mkutano kujadili.

"Gathii, njoo uone hii!" Nakhungu aliita. Kisha, "Gathii, na hii!"

Swichi za taa zilikuwa zilezile nyeusi za duara, zinazolia *tak* ukizibonyeza. Madirisha ya chuma yalikuwa na vishikio vya shaba. Droo za kabati ziliunganishwa kwa meno ya mbao yaliyoumana bila msumari, na ukivuta moja ilitoka bila kukwama, miaka hamsini na zaidi baadaye. Kati ya jikoni na chumba cha kulia kulikuwa na kidirisha cha kupitishia chakula. Juu ya mlango wa jikoni palitundikwa ubao wa kengele, sanduku la mbao lenye kioo na vidirisha sita, kila kimoja na jina la chumba kwa rangi ya dhahabu. Zamani memsabu, mke wa mzungu, akibonyeza kitufe chumbani, kengele ililia jikoni na kibao chekundu kikaanguka kwenye kidirisha cha chumba hicho, ili mtumishi ajue anaitwa wapi.

"Wewe uliolewa na mimi ama na nyumba?" Gathii alimwuliza.

"Na nyumba. Wewe ni mzigo ulikuja nayo."

Alipiga magoti katikati ya sebule. Sakafu ilikuwa ya vibao vya mvule vilivyopangwa mshazari, vyekundu kwa uzee, vimeng'arishwa hadi akaona uso wake na kichwa cha mtoto mgongoni. Harufu ya polishi ilikuwa bado mbichi. Akapitisha kiganja, akahisi upole wa mkono wa mtu mwenye subira, na moyo wake ukajaa furaha ya kweli.

"Nani ametunza hapa?"

"Kipkoech, nadhani. Yule wa kukata nyasi."

"Haki ya Mungu, mtu kama huyu hafai kusahaulika. Ningejua jina lake mapema, ningemwitia huyu mtoto."

Gathii alicheka. Kule jikoni kengele ikalia mara moja, fupi. Walipokwenda kutazama, kibao chekundu kilikuwa kimeanguka kwenye kidirisha cha chumba cha watoto.

"Panya," Gathii alisema. Ilikuwa saa kumi alasiri.

Jioni Nakhungu alimpelekea Kipkoech kikombe cha chai na shukrani nyingi kwa ajili ya sakafu. Mzee huyo, aliyezaliwa na kuzeekea kwenye shamba hilo, alipokea chai lakini shukrani akazirudisha.

"Mimi nakata nyasi na kukamua ng'ombe. Ndani sijaingia tangu Mzee azikwe. Na funguo si mlikuwa nayo nyinyi?"

Siku ya pili, saa kumi, mvua ikishuka kutoka upande wa Mlima Elgon, kengele ililia tena na mtoto akaanza kulia naye. Nakhungu alikuwa peke yake. Alimchukua mtoto akampa titi. Mtoto akageuza uso. Akambeba, akamwimbia, akamtembeza varandani, na mtoto akalia kwa saa nzima hadi sauti ikakauka. Saa kumi na moja Gathii aliporudi kutoka kazini akawakuta wote wawili wamelowa jasho, na nyumba nzima inanuka polishi.

Siku ya tatu Nakhungu aliisikia sauti yenyewe. Alikuwa amemlaza mtoto kwenye kitanda chake, amechoka, ameketi ukingoni mwa kiti, na mtoto, ambaye alikuwa akilia tangu kengele ilipolia, akanyamaza ghafla, macho yamemtoka, na hapo ndipo Nakhungu aliposikia ikitoka kule ukumbini, shwaa, shwaa, sauti ya brashi iliyofungwa mguuni mwa mtu anayesugua sakafu bila haraka, mguu mmoja ukienda mbele na kurudi, ikapita mlango wa bafu, ikapita kabati la mashuka, ikaingia chumbani mchana kweupe mlango ukiwa wazi na hakuna mtu, shwaa, shwaa, ikafuata ukuta, ikazunguka miguu ya kiti alichokalia mpaka akainua nyayo zake zisiguswe, na macho ya mtoto yakaifuata, kushoto, kulia, kushoto, mpaka ikasimama kando ya kitanda na harufu ya polishi na ya nguo iliyopigwa pasi ikiwa na unyevu ikamjaa Nakhungu puani.

Mtoto akafungua mdomo akapiga yowe. Nakhungu alimnyakua akakimbilia nje kwenye mvua.

Gathii alikuwa mtu wa spana. Alisikiliza yote, akaenda kuleta ngazi, akauteremsha ubao wa kengele na kuufungua nyuma kwenye meza ya jikoni.

"Ona," alisema. "Nyaya zimeliwa zamani. Hakuna betri. Hii kitu haijakuwa na moto hata kabla sijazaliwa. Haiwezi ku..."

Kengele ikalia mikononi mwake. Aliitupa sakafuni, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa jiko.

"Usiniambie ni panya," Nakhungu alinong'ona.

"Sijasema kitu."

Mtoto alikuwa hanyonyi. Hilo ndilo lililowaumiza kuliko kengele. Kwa siku tano alikubali matone ya kijiko tu, akayatema nusu. Walimpeleka zahanati, wauguzi wakamtazama mdomo, masikio, tumbo, wakapima damu, hawakuona ugonjwa. Waliona tu kwamba kilo zilikuwa nne na nusu na sasa ni nne kasoro. Muuguzi aliwaambia wakirudi na uzito chini ya hapo atalazwa. Siku hiyohiyo walifunga nyumba, wakarudi Bungoma kwenye vile vyumba viwili vya kupanga ambavyo walikuwa bado hawajarudisha funguo zake.

Saa kumi ya kesho yake, Nakhungu akiwa nje anaanika nepi na mtoto akiwa mgongoni, jirani yake Pauline alikuja kumsalimia, akachungulia ndani, akashika mdomo.

"Heh, Mama Gicheru! Umepaka polishi gani kwa simiti? Si unionyeshe, bana, yangu imenishinda."

Nakhungu alitazama. Sakafu ya saruji iliyokuwa imepasukapasuka ilikuwa inang'aa nyekundu kutoka ukuta hadi ukuta, na mtoto mgongoni kwake akaanza kulia. Nakhungu alikaa chini kwenye kizingiti akalia pamoja na mwanawe.

Ndipo alipompigia shangazi yake.

Shangazi Roselyne alikuja kutoka kijijini kwao Matulo siku iliyofuata. Alikuwa dada mkubwa wa baba yake Nakhungu, mzee wa kanisa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuitwa mganga na angekasirika ukimwita hivyo. Lakini katika ukoo wao, mtoto akilia bila sababu, yeye ndiye aliyeitwa. Alimtazama mtoto, akambonyeza utosi uliozama kidogo, akauliza swali moja tu.

"Ulipoingia kwa hiyo nyumba, ulisema nini?"

Nakhungu alifikiri. Kisha akakumbuka. "Nilisema ningejua jina la mwenye kutunza, ningemwitia mtoto. Ilikuwa mchezo tu, shangazi."

"Kwa nani mchezo? Wewe ni Mbukusu. Unaahidi mtu jina la mutoto, halafu unanyamaza? Sasa amekuja kuchukua. Turudi huko huko, na huyo mukata nyasi nataka kumwona."

Kipkoech aliwangoja langoni, kofia mkononi. Hakutaka kusema, lakini Shangazi Roselyne aliketi kwenye nyasi mbele yake kama mtu asiye na haraka, mpaka mzee akasema.

"Alikuwa mtumishi wa wazungu tangu nyumba imejengwa. Mimi nilikuwa kijana. Alikuwa anasugua hiyo sakafu kila siku mchana, saa kumi anapeleka chai. Ile wiki wazungu walikuwa wanafunga sanduku zao waende, akaanguka hapo kwa chumba cha watoto na brashi kwa mguu. Akazikwa huko nyuma, watu wakalima juu yake, sasa hata mahali hapajulikani."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Boi."

"Hilo si jina, muzee."

"Ndilo tulikuwa nalo. Memsabu alimwita Boi, sisi pia tukamwita Boi. Wengine walisema ametoka Tanganyika, wengine walisema ziwani. Hakuna mtu aliuliza." Aliitazama kofia yake. "Mzee Gicheru alijua. Alikuwa ananiambia, Kipkoech, hiyo sakafu usiiguse na usiisifu. Mwache afanye kazi yake."

Nakhungu alihisi aibu, na katikati ya hofu yake akamhurumia mtu yule. Halafu mtoto akakohoa kikohozi kikavu, na huruma ikaisha.

"Nyinyi wa hapa mnaita jini," Shangazi Roselyne alisema wakitembea kuelekea nyumbani. "Sisi tunasema ni mutu hana mahali. Hana jina, kwa hivyo hana ukoo, hawezi kulala. Tutampa moja la kwetu. Nitaita watu wetu mmoja mmoja. Yule atakubali kumgawia, mutoto atanyamaza na kunyonya, na huyu ataenda kulala naye. Ni hivyo tunafanya tangu zamani, na Mungu hajatukataza."

Kisha akamgeukia Gathii, aliyekuwa amebeba mkoba wake. "Na wewe mukwe wetu, kama kuna jina la watu wetu unajua, na mimi nimesahau, taja. Mimi ni muzee, nasahau."

Gathii aliitikia kwa kichwa. Alikuwa tayari kufanya chochote.

Walikaa katika chumba cha watoto, Nakhungu kwenye kiti cha chini na mtoto kifuani, shangazi kando yake, Gathii amesimama mlangoni. Nje wingu lilikuwa limefunika mlima wote. Saa ya mkononi mwa Gathii ilipofika kumi kamili, ule ubao wa kengele, uliokuwa bado umelala kifudifudi kwenye sakafu ya jikoni pale alipoutupa, ukalia.

Mtoto akaanza. Na brashi nayo ikaanza, mbali, kule sebuleni.

"Wepukhulu," Shangazi Roselyne aliita, kwa sauti ya mtu anayebisha mlango wa jirani. "Wepukhulu mwana wa Sitati. Ni wewe?"

Mtoto akalia. Shwaa, shwaa.

"Sitati. Ni wewe? Wabwile, baba yangu, ni wewe?"

Aliita babu, akaita ndugu za babu, akaita aliyekufa kwa ndui na aliyechukuliwa vitani akafia Burma na yule pacha aliyeishi siku tatu, na kila jina lilipotajwa brashi ilisimama kidogo, kama mtu aliyesimama kusikiliza, halafu ikaendelea, ikatoka sebuleni, ikaingia ukumbini, na harufu ikaja mbele yake, nzito, mpaka macho yakawasha, na shangazi akaita haraka zaidi, majina ya upande wa mama yake, majina ya waliokuja kutoka Uganda kabla ya reli, na mtoto aliyekuwa amelia mpaka akabadilika rangi akafika mahali ambapo mdomo ulikuwa wazi na sauti haitoki, kifua kimesimama, hakivuti pumzi, Nakhungu akampulizia usoni, akampiga mgongoni, akapiga kelele, "Shangazi, hapumui! Shangazi!" na shangazi akageuka na uso mtupu akasema, "Yameisha. Majina yameisha," na ile sauti ikaingia chumbani, ikapita miguuni mwa Gathii.

"Wakoli!" Gathii aliita.

Kimya.

Brashi ilikuwa imesimama. Mtoto alivuta pumzi ndefu yenye kutetemeka, akatafuta kwa mdomo, akalipata titi, akaanza kunyonya. Alinyonya kwa nguvu, kwa pupa, maziwa yakimtiririka kidevuni. Harufu ya polishi ilitoweka palepale, na pakabaki harufu ya mvua na ya maziwa.

Gathii aliketi sakafuni mlangoni akafunika uso, akicheka na kulia. "Ananyonya," alisema. "Nakhungu, ananyonya."

Nakhungu naye alikuwa anacheka. Aliinua macho amshukuru shangazi, na akauona uso wake.

"Umeita nani?" Shangazi Roselyne alimwuliza Gathii.

"Mzee. Baba yake Nakhungu." Gathii alipangusa macho. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kulitamka jina la baba mkwe wake. Alisema Mzee tu, kwa adabu. "Si ulisema nitaje? Kwetu mtoto wa pili wa kiume anaitwa babu ya upande wa mama. Ni heshima."

"Hata kama babu ako hai?"

"Akiwa hai ndiyo afadhali, aone mwenyewe."

"Mwanangu," shangazi alisema polepole, "kwetu tunaita waliokufa. Waliokufa tu. Sikukwambia kwa sababu hakuna mutu anaambiwa."

Kisha Nakhungu, kwa mkono mmoja, akatoa simu na kumpigia kaka yake Mukhisa, aliyeishi na baba yao Matulo. Ililia mara moja tu.

"Dada, ni vizuri umepiga," Mukhisa alisema, na alikuwa akinong'ona. "Baba amekuwa kitu sielewi. Alikuwa amekaa hapa na chai yake, sawa kabisa, ananiambia mambo ya mahindi. Mara akaweka kikombe chini. Akavua viatu. Ati akachukua gunia, akaweka chini ya mguu, anasugua sebule. Namwambia aache, ananiangalia tu kama hanijui."

"Mpe simu."

Ilipita kitambo. Alisikia Mukhisa akibembeleza, kisha pumzi ya mtu mzee karibu na sikio lake. Baba yake hakuwahi kusema naye lugha nyingine isipokuwa Lubukusu, tangu alipozaliwa.

"Baba?"

"Ndiyo, memsabu."

"Baba, ni mimi. Ni Nakhungu wako."

"Ndiyo, memsabu," sauti ya baba yake ilisema, kwa upole mwingi. "Nakaribia kumaliza."

Nakhungu aliiweka simu chini. Alieleza alichosikia, maneno machache, na Shangazi Roselyne akasimama, akaenda dirishani, akafungua kishikio cha shaba akatazama nje. Mvua ilikuwa imepita. Jua lilikuwa bado juu ya mlima, lakini si sana.

"Jina linaweza kurudishwa," alisema bila kugeuka. "Mama ya mutoto akisema, hilo silo, kabla jua liingie, ndugu yangu ataachiliwa. Mimi siwezi kusema. Mume wako naye hawezi. Ni wewe."

"Na yule wa brashi ataenda wapi?"

Shangazi Roselyne aligeuka. Alimtazama mtoto.

Simu ililia tena sakafuni, jina la Mukhisa likawaka, ikalia mpaka ikanyamaza.

"Ni ndugu yangu, Nakhungu," shangazi alisema. "Tulinyonya titi moja."

"Najua, shangazi."

Utosi wa mtoto ulikuwa ukipanda na kushuka. Mkono wake mdogo ulikuwa umeshika kidole cha mama yake na haukutaka kuachia. Nakhungu alimfuta kidevu, akamgeuza taratibu, akamhamishia titi la pili.

"Ngojeni kwanza ashibe," alisema.